Josh Gibson na Wenzake wa Homestead Grays: Heshima Iliyochelewa ni ya Nani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa mbele ya jumuiya yetu ya Waswahili tunaoishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Waliohudhuria waliomba niyaweke hapa ili na ndugu wa mbali wayasome na kuyajadili. Sikubadilisha mengi, nimepunguza salamu tu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliozaliwa huku ambao Kiswahili mnakisikia zaidi kuliko mnavyokisema, hamjambo.

Nilipopewa nafasi hii niliambiwa nichague mada yoyote ya siasa. Nikasema nitazungumzia besiboli. Mwenyekiti alicheka, akaniuliza kama nimeishiwa na maneno. Sikuishiwa. Naomba mnivumilie, mwisho wa maneno yangu mtaamua wenyewe kama hii ni siasa au ni mchezo.

Najua wengi wetu tumekulia kwenye kandanda, na besiboli tunaiona ni mchezo wa watu wazima waliovaa pajama, wanasimama simama uwanjani na kutema mbegu za alizeti. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka 20 na kwa miaka mingi sikuwahi kutazama mchezo mmoja hadi mwisho. Aliyenibadilisha ni abiria.

Miaka ile nilikuwa naendesha teksi hapa mjini. Nilikuwa na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, ambaye nilimchukua mara tatu kwa wiki kumpeleka Hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard, pale Georgia Avenue, kusafishwa damu kwa sababu ya figo. Siku moja tunafika mlangoni, akaniambia, kijana, unajua hapa tulipo ni wapi? Nikamjibu, mzee, hapa ni hospitali. Akasema hapana, hapa ni uwanjani. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimleta hapo siku za Jumapili baada ya kanisa, wamevaa suti, kumtazama mtu anayeitwa Josh Gibson. Akanyoosha mkono kuonyesha mpira ulikopita juu ya ukuta. Mimi niliona maegesho ya magari tu. Yeye alikuwa anauona mpira.

Nilimpeleka mzee yule kwa muda wa karibu mwaka mzima. Halafu simu zake zikakatika, nikajua yaliyotokea. Hayo aliyonisimulia sikuyaandika popote. Hilo limeniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Ni kweli, pale palikuwa na uwanja. Uliitwa Griffith Stadium, ulibomolewa mwaka 1965, na hospitali ikafunguliwa mahali hapo mwaka 1975. Timu ya wazungu ya mji huu, Washington Senators, ilikuwa ikicheza hapo. Lakini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1940 palikuwa na timu nyingine iliyopanga uwanja huo huo siku ambazo Senators wako safarini. Timu hiyo ni Homestead Grays, nayo ilikuwa ya watu weusi watupu.

Grays hawakuwa wazaliwa wa Washington. Homestead ni mji wa viwanda vya chuma karibu na Pittsburgh, Pennsylvania. Mwanzo wake ni vijana waliofanya kazi viwandani na kucheza mpira siku ya mapumziko, na jina la Grays likashika mwaka 1912 hivi. Aliyeifanya iwe timu ya kweli ni mwenyeji wa hapo hapo, Cumberland Posey, aliyezaliwa mwaka 1890. Alianza kama mchezaji, akawa kocha, mwisho akawa mmiliki. Huyu alikuwa hodari pia katika mpira wa kikapu, hata leo ndiye mtu pekee aliyemo katika majumba ya heshima ya michezo yote miwili: la besiboli tangu mwaka 2006 na la kikapu tangu mwaka 2016. Benki za wakati ule hazikuwa tayari kumkopesha mtu mweusi fedha za kuendesha timu. Fedha zilipopungua aliingia ubia na Rufus Jackson, tajiri wa bahati nasibu za mitaani zilizokuwa haramu. Siwatetei. Nawaeleza tu kwamba mlango wa halali ukifungwa watu hupitia dirishani, halafu aliyefunga mlango huwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi.

Sasa swali, kwa nini kulikuwa na timu za weusi watupu? Vijana, hapa nisikilizeni vizuri. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ikisema mtu mweusi haruhusiwi kucheza ligi kuu. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alicheza ligi kuu akiwa na timu ya Toledo. Baada yake wenye timu wakaelewana kimya kimya, kiungwana kama walivyopenda kusema wenyewe, na kwa miaka zaidi ya 60 hakusajiliwa mwingine ambaye wao wenyewe wamemtambua kuwa mweusi. Ukimwuliza kamishna, anasema hakuna katazo. Ukimwuliza mwenye timu, anasema hajapata mchezaji anayefaa. Tumeishi nchi mbalimbali, sisi tuliomo humu ndani. Ni nani hajawahi kukutana na katazo la namna hiyo, ambalo halimo kwenye karatasi yoyote na kila karani analifahamu?

Kwa hiyo weusi wakaanzisha ligi zao. Rube Foster aliitisha kikao Kansas City mwezi Februari 1920, ikazaliwa Negro National League. Walisafiri kwa mabasi usiku kucha, walilala ndani ya mabasi hayo hayo pale hoteli zilipowakataa, walicheza mechi mbili kwa siku na mara nyingine tatu.

Na Grays walikuwa miongoni mwa bora kabisa. Walitwaa ubingwa wa dunia wa ligi za weusi mwaka 1943, 1944 na 1948. Satchel Paige alipokuja Washington na Kansas City Monarchs mwaka 1942, watu zaidi ya 20,000 walijaa uwanjani. Senators wenyewe, ambao mara nyingi walikuwa wakiburuza mkia, waliota tu umati wa namna hiyo. Mwenye uwanja, Clark Griffith, alipokea kodi yake. Buck Leonard, nyota wa Grays, alisimulia baadaye kwamba siku moja Griffith aliwaita yeye na Josh Gibson ofisini, akawauliza kama wangependa kucheza ligi kuu. Wakasema ndiyo. Basi, yakaishia hapo. Senators hawakumchezesha mtu mweusi hadi mwaka 1954, naye alikuwa Carlos Paula kutoka Cuba. Fedha ya mtu mweusi ilipita mlango wa mbele miaka yote hiyo, mwenyewe akabaki nje.

Sasa niwatambulishe baadhi ya hao watu, maana tukisema "wachezaji weusi walibaguliwa" tunawafanya kundi, na wao walikuwa kila mtu na jina lake.

Josh Gibson alizaliwa Georgia mwaka 1911. Baba yake alihamia Pittsburgh kutafuta kazi ya chuma, kama sisi tulivyohamia huku kutafuta zetu. Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alianza kuichezea Grays. Majira hayo hayo mke wake Helen alifariki akijifungua mapacha. Kijana wa miaka 18, mjane, ana watoto wawili wachanga, na huo ndio mwanzo wa mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Alikuwa mdakaji, kazi ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, na bado yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka mipira nje ya uwanja. Mwaka 1943 alianza kuumwa, akaambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, akaendelea kucheza. Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huo huo, hata miezi mitatu haijatimia, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na ukuta ukaanguka.

Buck Leonard alitoka Rocky Mount, North Carolina. Aling'arisha viatu, akafanya kazi karakana ya reli, akaja Grays mwaka 1934 na akakaa nao hadi mwaka 1950. Fikirini, miaka 17 timu moja. Ukuta ulipoanguka yeye alikuwa na miaka 39. Mwaka 1952 alipotakiwa aende kujaribiwa na timu ya ligi kuu alikataa, akasema umri umekwisha. Mjini kwao, alipokuwa mtoto, mtu mweusi hakuwa na shule ya sekondari ya kwenda. Cheti chake cha sekondari alikipata kwa posta, akiwa ameshavuka miaka 50.

Cool Papa Bell alikuwa na mbio za ajabu. Paige alizoea kumtania kwamba akizima taa, anafika kitandani kabla giza halijaingia. Baada ya mpira alipata kazi katika ofisi za manispaa ya St. Louis, kwanza mfagizi, halafu mlinzi wa usiku. Humu ndani tunao wafagizi na walinzi wa usiku wenye shahada zao kabatini. Basi mkutane na mwenzenu.

Smokey Joe Williams alikuwa mrushaji. Mwaka 1930, akiwa na miaka zaidi ya 40, aliwatoa wapigaji 27 wa Kansas City Monarchs katika mchezo mmoja uliokwenda raundi 12. Ray Brown naye alikuwa mrushaji, akamwoa binti wa Posey. Jud Wilson alikuwa na nguvu hata wakampa jina la utani la mlio wa mpira wake ukigonga ukuta, Boojum. Wilson alikuwa askari Vita vya Kwanza vya Dunia, na amezikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, hapo ng'ambo ya mto tu. Wangapi kati yetu tumepita Arlington mara mia bila kujua?

Hao niliowataja wote leo wamo katika Jumba la Heshima la besiboli, Cooperstown, New York, kila mmoja na kibao chake cha shaba. Wapo na wengine waliopitia Grays kwa misimu michache, kama Oscar Charleston na Martín Dihigo wa Cuba. Lakini waliingiaje? Hapa ndipo ilipo siasa.

Watu wa kwanza walichaguliwa mwaka 1936, na jumba lenyewe likafunguliwa mwaka 1939. Wakati huo Gibson na Leonard walikuwa kwenye kilele cha nguvu zao. Kanuni ilisema ili uingie ni lazima uwe umecheza ligi kuu misimu 10. Kanuni nzuri, haitaji rangi ya mtu. Ila huwezi kucheza misimu 10 mahali ambapo hukuruhusiwa kucheza hata siku moja. Wazee husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka 1966 Ted Williams wa Boston, mzungu kwa macho ya umma na mmoja wa wapigaji wakubwa kupata kutokea, alipokuwa akipokea heshima yake alitumia sehemu ya hotuba kusema kwamba anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson nao wataingia. Hakulazimishwa na mtu. Hotuba fupi, lakini iliwatoa watu usingizini. Mwaka 1971 wakubwa wakatangaza kwamba Paige ataenziwa, lakini katika sehemu ya pembeni, mbali na wale wa ligi kuu. Watu wakauliza, hata ndani ya jumba la makumbusho kuna mlango wa weusi? Kelele zikawa nyingi, wakubwa wakarudi nyuma, Paige akawekwa pamoja na wenzake. Mwaka 1972 wakaingia Gibson na Leonard, siku moja. Leonard alikuwa hai, akaishi hadi mwaka 1997. Kwa Gibson alisimama mtoto wake, Josh mdogo, mmoja wa wale mapacha.

Na hapa kuna jambo ambalo nilipolisoma niliweka kitabu chini. Siku mtoto anapokea heshima ya baba yake Cooperstown, kaburi la baba huyo kule Pittsburgh halikuwa na hata jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1975. Miaka mitatu taifa linamwita shujaa, na mtu akitaka kumzuru haoni pa kusimama.

Kamati ile ya kwanza ilichagua watu tisa tu, ikavunjwa mwaka 1977, kana kwamba kazi imekwisha. Bell alipita humo, mwaka 1974. Williams alisubiri hadi mwaka 1999. Posey, Brown na Wilson walisubiri hadi mwaka 2006, kamati maalumu ilipochagua watu 17 kwa mpigo, akiwemo Effa Manley wa Newark Eagles, mwanamke wa kwanza katika jumba hilo. Wote 17 walikuwa wameshafariki. Aliyesimama kuwasemea ni Buck O'Neil wa Kansas City, mzee wa miaka 94, ambaye kamati hiyo hiyo ilikuwa imemwacha nje. Hakununa. Aliwasifu wenzake na akawaimbisha watu. Miezi miwili na siku chache baadaye akafariki. Yeye mwenyewe aliingizwa mwaka 2022.

Tarehe 16 Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 sasa zinahesabiwa kuwa ligi kuu. Ilielezwa kuwa ni kurekebisha kosa la kupitiwa. Ndugu zangu, tuwe makini na maneno. Mtu husema amepitiwa anaposahau funguo. Mwaka 1969 kamati ya rekodi ilikaa ikaamua ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuu, ikataja sita. Moja wapo, Union Association, iliishi msimu mmoja tu, mwaka 1884. Ya weusi, iliyoishi miongo, haikutajwa. Hilo ni kuchagua, na aliyechagua aseme alichagua.

Mwezi Mei 2024 takwimu zikaunganishwa. Zaidi ya wachezaji 2,300 wa ligi za weusi wakaingia katika vitabu rasmi. Na kileleni, juu ya Ty Cobb aliyekaa hapo karibu miaka mia, akasimama Josh Gibson. Kwa kila nafasi 1,000 za kupiga, Cobb alifanikiwa 367, Gibson 372. Msimu wake wa mwaka 1943, kwa hesabu hiyo hiyo, ni 466, haujafikiwa na mtu.

Wapo waliopinga, na si vizuri kuwapuuza. Wanasema misimu ya ligi za weusi ilikuwa mifupi, mechi 60 au 70. Ni kweli, maana mechi nyingi walizozicheza zilikuwa za barabarani, nje ya ligi, ndiko walikopata chakula. Lakini mwaka 2020, mwaka wa korona, ligi kuu ilipanga mechi 60 tu kwa kila timu, na hakuna aliyesema msimu huo ufutwe. Wanasema Gibson hakukabiliana na warushaji bora wa kizungu katika ligi. Ni kweli pia. Na Babe Ruth katika ligi hakukabiliana na Smokey Joe Williams wala Satchel Paige. Ukuta una pande mbili. Ukitilia shaka rekodi za upande mmoja kwa sababu ya ukuta, tilia na za upande wa pili.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kwangu, nayo haitoki kwao, inatoka kwetu. Rafiki yangu mmoja, yupo humu, aliniambia, bwana wewe unashangilia nini? Mtu amekufa maskini, umekuja kumtundikia shaba ukutani. Hiyo ni pilau ya arobaini, marehemu haionji. Wazungu wanajisafisha. Wahenga wamesema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Nimelifikiria neno lake muda mrefu. Namkubalia nusu. Heshima si malipo. Mwaka 1945 Jackie Robinson alichukuliwa kutoka Kansas City Monarchs na timu yake haikulipwa hata senti. Wachezaji bora wakafuata njia hiyo, watazamaji wakawafuata wachezaji, na Negro National League ikafa baada ya msimu wa mwaka 1948, Grays wenyewe wakatoweka miaka michache baadaye. Mali ya watu weusi, timu walizojenga wenyewe, iliyeyuka siku ile ile tuliyofundishwa kuiita siku ya ushindi. Kibao cha shaba hakirudishi hayo. Atakayekwambia hesabu imefungwa kwa sababu Gibson yuko Cooperstown, mwambie dawa ya deni ni kulipa.

Lakini nusu ya pili simkubalii. Pilau ya arobaini hailiwi na marehemu, inaliwa na waliobaki, na humo humo watoto hujifunza marehemu alikuwa nani. Vitabu vya rekodi ni hivyo. Miaka yote ile mtoto mweusi aliyefungua kitabu aliambiwa kwa tarakimu, si kwa matusi, kwamba watu wake hawakuwapo. Tarakimu hazipigi kelele, ndiyo maana zinaaminiwa. Leo mtoto huyo akifungua, jina la kwanza ni la kijana wa Homestead Grays.

Na mnajua zilipatikana wapi tarakimu hizo? Hazikutoka katika makabati ya ligi kuu. Zilitoka katika magazeti ya weusi, kama Pittsburgh Courier na Baltimore Afro-American, ambayo waandishi wake waliandika matokeo wiki baada ya wiki, wakati wengine waliona ni mambo ya pembeni. Watafiti wakakaa miaka kwa miaka wakikusanya mchezo mmoja mmoja. Hata hivyo inakadiriwa wamepata robo tatu tu. Kibao cha Gibson kinasema alipiga karibu mipira 800 iliyovuka uzio. Vitabu rasmi vinahesabu isiyofika 200. Mingi ilipigwa katika mechi za barabarani zisizohesabiwa, na mingine hakuwepo mtu mwenye kalamu. Sehemu hiyo imekwenda na watu kama mzee wangu wa teksi, ambaye mimi, mwenye kalamu mfukoni, sikumwandika.

Yanatuhusu nini sisi? Nitawapa jambo moja. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuja nchi hii kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima, na uwanja wa Griffith ulikuwa bado umesimama jirani. Nafasi zilipatikana, nauli hakuna. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na watu watatu maarufu: Harry Belafonte, Sidney Poitier, na mchezaji aliyeanzia Monarchs, Jackie Robinson. Mwezi Septemba wanafunzi 81 wakatua New York. Hao na waliowafuata wakarudi kujenga serikali na vyuo vya nchi yao, na wengine ndio waliotutangulia huku. Kwa hiyo mtu asituambie historia ya watu hawa si yetu. Tulipanda ndege kwa mchango wao.

Na watoto wetu, tupende tusipende, katika nchi hii polisi hatawauliza kama babu yao ni wa Tanga au wa Homestead.

Naomba mambo mawili, nimalize. La kwanza, Jumamosi moja tuchukue watoto tuwapeleke uwanja wa Nationals, hapa hapa mjini. Ipo sanamu ya Josh Gibson, na katika orodha ya heshima ya uwanja huo wamo Posey, Leonard, Bell, Brown na Wilson. Kisha tupite Georgia Avenue tuwaonyeshe hospitali, tuwaambie hapa palikuwa uwanja.

La pili, tunao wazee humu. Wapo waliofika nchi hii wakati wengi wetu hatujazaliwa, na kila mwaka tunachanga fedha kumsafirisha mmoja wao kwenda kuzikwa nyumbani. Tunachanga vizuri, hilo nalisifu. Lakini kabla ya kuchanga, kijana mmoja akae na mzee mmoja, na simu yake hiyo inayorekodi, amwulize alikuja lini, alipokelewa na nani, alifanya kazi gani. Kazi hiyo tusimwachie mtu mwingine, kwa sababu tumeona leo kamati za watu wengine huchukua miaka mingapi.

Mimi nimeshaanza. Jumapili iliyopita nilikaa na mmoja wa wazee wetu saa mbili nzima, na tulifika mwaka 1971 tu, chai ikaisha.

Naomba kuwasilisha.